Majina Yanayofanana: Somo Nililofundishwa Hombolo

Mwalimu mgeni anapoingia darasani kwa mara ya kwanza, chombo cha kwanza anachokishika si chaki bali ni daftari la mahudhurio. Kabla hajaijua sura hata moja, amekwisha kuyaona majina yote. Na kwa kuwa ni tabia ya binadamu kutafuta uhusiano baina ya vitu vinavyofanana, macho yake huteremka upande wa majina ya mwisho, na mara huanza kuwaunganisha watoto: huyu na huyu bila shaka ni ndugu, hawa watatu ni wa nyumba moja, yule ni mtoto wa fulani. Hivyo, kabla hajafundisha lolote, mwalimu amekwisha kujifunza mambo ambayo hakuna aliyemwambia.

Madhumuni ya makala haya ni kuwaeleza walimu wenzangu, na hasa wanachuo wanaojiandaa kwenda katika mazoezi ya kufundisha, jinsi kosa la namna hiyo lilivyonipata, na jinsi nilivyojaribu kulirekebisha kwa masomo mawili juu ya watu mashuhuri wenye jina moja la mwisho. Nalieleza kosa hilo kama lilivyokuwa, maana kosa la mwalimu likifichwa hurudiwa na mwingine.

Mahali na kosa

Mwaka 1984 nilipangiwa kufundisha katika shule moja ya msingi ya Hombolo, kiasi cha kilometa 40 kaskazini mashariki ya mji wa Dodoma. Aliyefika huko atalikumbuka bwawa, lililojengwa mwaka 1957, linavyometameta katikati ya nchi kavu ya mibuyu na miiba. Atakumbuka mashamba ya uwele na mtama, na nyumba za tembe zilizojiinamia chini kana kwamba zinaukwepa upepo. Atakumbuka pia kwamba Hombolo palikuwa na kituo cha kuwatunza watu wenye ukoma. Watu hao walitoka sehemu mbalimbali. Wengine walipona ugonjwa, lakini alama zake zikawabakia mikononi na miguuni. Na walioona kuwa makwao hakuna tena wa kuwapokea walibaki palepale, wakalima, wakafuga kuku, wakazeeka.

Mmoja wao alikuwa mzee aliyechonga mipini ya majembe. Vidole vyake havikuwa vimetimia, lakini mpini alioutengeneza yeye ulikaa katika jembe bila kuyumba. Watu wote walimwita kwa jina lake la mwisho, Mzee Yohana. Nilipofika Hombolo alinichongea mpini, na nilipotoa fedha alizikataa, akasema kwamba mgeni hulipa akisha kuwa mwenyeji.

Siku mbili baadaye nilikuwa nikiita majina katika darasa la tano. Nikafika kwa msichana mmoja wa dawati la pili ambaye jina lake la mwisho lilikuwa pia Yohana. Niliinua macho, nikamwuliza kwa uchangamfu mbele ya darasa zima, "Je, wewe ni mjukuu wa Mzee Yohana wa kituoni?" Nilikusudia wema. Nilitaka kumsifu yule mzee na kumfurahisha mtoto. Msichana hakujibu. Nami, kwa kuwa majina yalikuwa mengi na muda mfupi, nikaendelea na jina lililofuata.

Asubuhi ya pili yake niliona kwamba msichana aliyekuwa akikaa naye amehamia dawati la tatu, ambalo tayari lilikuwa na watoto watatu. Kufikia mwisho wa juma alikuwa amekaa peke yake. Wakati wa mapumziko watoto walikunywa maji ya mtungi kwa kata moja, naye aliachwa awe wa mwisho. Na aliyekuwa wa mwisho kabla yake aliondoka mbio. Katika hesabu za kichwa alikuwa mwepesi kuliko wote, lakini sasa mkono wake haukupanda tena. Nilimwuliza swali nikijua wazi kwamba jibu analo, akasimama, akatazama chini, akaketi.

Mwalimu mwenzangu mmoja, mama wa Kigogo aliyefundisha hapo kwa miaka mingi, ndiye aliyenifumbua macho. Aliniita pembeni, akaniambia, "Mwanangu, mtoto huyu umemfunga kwa neno. Yule mzee alitoka Unyaturu. Babu wa mtoto huyu alizaliwa hapahapa, akabatizwa Yohana, akafa kabla mzee hajafika. Wanachoshirikiana ni herufi tu."

Jina la mwisho ni nini?

Baada ya kusikia hayo nilijifungia chumbani na daftari la mahudhurio, nikajiuliza swali ambalo nilipaswa kujiuliza chuoni: jina hili la mwisho ni kitu gani hasa?

Kwa Wazungu walio wengi, jina la mwisho ni la ukoo. Hurithiwa bila kubadilika kizazi hata kizazi, ingawa hata kwao watu wawili wa jina moja huweza kuwa wageni kabisa. Katika sehemu kubwa ya nchi yetu mambo hayako hivyo. Mtoto hupewa jina lake, nyuma yake likafuata la baba, na nyuma yake tena la babu. Wagogo wana mbari zao, nazo zina majina na miiko yake, lakini mbari haiandikwi katika daftari la shule. Kinachoandikwa ni jina la baba au la babu. Na kwa kuwa wamisionari wa CMS walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na dini ikaenea Ugogo kutoka huko, mababu wengi walibatizwa kwa majina yaleyale machache ya Biblia: Yohana, Petro, Samweli, Danieli. Leo mtu akihesabu akina Yohana katika shule moja ya Ugogo, hahesabu watu wa ukoo mmoja, anahesabu ubatizo.

Tena madaftari yetu mara nyingi yana nafasi ya majina mawili tu, kwa hiyo la tatu hukatwa. Chukua mfano wa John Samuel Malecela, mtu wa Ugogo aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje kuanzia 1972 hadi 1975, na baadaye Waziri Mkuu kuanzia 1990 hadi 1994. Kama karani mvivu angelikata jina la tatu, taifa lingemjua kama John Samuel, na mwalimu mgeni kama mimi angemweka pamoja na akina Samuel wote wa wilaya.

Somo la kwanza

Niliamua kufundisha somo juu ya majina. Nilijiwekea sharti moja: kwamba sitalitaja kabisa jina la mwanafunzi yeyote wa darasa lile. Jeraha halioshwi mbele ya umati. Nilitaka watoto waifikie kweli kwa kutumia watu wa mbali, kisha wairudishe wenyewe dawatini kwao.

Nilianza na jina ambalo kila mtoto alilijua. Niliandika ubaoni: Julius Kambarage Nyerere. Nikauliza Nyerere ni nani. Wote wakajibu kwa sauti moja kwamba ndiye Rais. Ndipo nikawaeleza kwamba Nyerere lilikuwa kwanza jina la mtu mwingine, yaani baba yake, Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, na kwamba kwa Kizanaki maana yake ni kiwavi, kwa sababu mzee huyo alizaliwa wakati viwavi walipoivamia nchi. Darasa lilicheka kwa mshangao. Jina linalosomwa duniani kote lilianza na mdudu wa shambani katika msimu mmoja mbaya! Watoto wa Hombolo wanawajua viwavi. Wameona uwele ukiliwa usiku mmoja. Kwa mara ya kwanza waliona kwamba jina ni tukio lililompata mtu fulani, mahali fulani, siku fulani.

Kisha niliandika majina matatu, moja chini ya jingine:

Bibi Titi Mohamed
Said Ahmed Mohamed
Mohamed Suleiman Mohamed

Niliwaeleza habari zao kwa ufupi. Wa kwanza alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akawa kiongozi wa wanawake wa TANU tangu 1955, akawakusanya akina mama maelfu katika kupigania uhuru. (Leo mwalimu ataongeza kwamba alifariki mwaka 2000.) Wa pili ni mwandishi wa Zanzibar aliyezaliwa mwaka 1947, ambaye riwaya yake ya "Utengano" ilitoka mwaka 1980. Wa tatu naye ni mwandishi wa Zanzibar, aliyetunga "Kiu" na "Nyota ya Rehema". Nikauliza, "Je, hawa ni ndugu?"

Karibu mikono yote ilipanda kukubali. Mmoja alisema kwamba wawili wa mwisho ni mtu na mdogo wake, kwa kuwa wote ni waandishi na wote wa Zanzibar. Nilimwambia kwamba fikira yake ni ya akili, lakini si ushahidi. Nikamtaka aje ubaoni alitazame jina la tatu kwa makini. Aliona kwamba Mohamed yumo mara mbili, mwanzo na mwisho. Nikauliza: Mohamed wa mwanzo ni nani? Wakajibu, ni yeye mwenyewe. Na wa mwisho? Kimya kidogo, kisha sauti moja kutoka nyuma ikasema, "Ni babu yake." Hapo nilijua kwamba somo limeingia. Kila mmoja katika orodha ile alikuwa na Mohamed wake, baba au babu, kama vile kila nyumba ya Waislamu wa pwani ilivyoweza kuwa na Mohamed wake.

Tangu siku ile nimelifundisha somo hili mara nyingi, na mifano imeongezeka. Kwa mfano, huyo Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa riwaya, ndiye pia mtaalamu ambaye makala zake za kitaalamu juu ya fasihi ya Kiswahili hubeba jina la Said A. M. Khamis. Mtu ni mmoja, lakini katika rafu za maktaba amekaa katika koo mbili. Nimewaambia pia wanachuo juu ya Amina Mohamed wa Kenya, mwanasheria aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuongoza Baraza Kuu la Shirika la Biashara Duniani, mwaka 2005. Na Amina Mohammed wa Nigeria, aliyeanza kazi ya Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa mwaka 2017. Majina mawili karibu sawa, nchi mbili, kazi mbili, wala hakuna udugu.

Mfano mwingine unaowafurahisha wanachuo ni wa Ngugi. Mwandishi mkubwa wa Kenya, aliyezaliwa 1938 na kufariki 2025, alichapisha riwaya zake za kwanza kwa jina la James Ngugi. Baada yake akatokea mwanariadha John Ngugi, bingwa wa mbio za nyika wa dunia mara tano, aliyeshinda medali ya dhahabu ya meta 5,000 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. James Ngugi na John Ngugi: karani gani asingewaandika kuwa ndugu? Lakini mwandishi aliliacha jina la James na kujiita Ngugi wa Thiong'o, yaani Ngugi mtoto wa Thiong'o. Mara tu alipojieleza mwenyewe kwa desturi ya kwao, tuliona kwamba kwake Ngugi halikuwa jina la ukoo hata kidogo. Lilikuwa ni lake mwenyewe.

Swali la msichana

Nairudia sasa siku ile ya 1984. Nilikuwa nimefikia hitimisho, nimeridhika nafsini mwangu. Niliwaambia wanafunzi waandike daftarini: "Kufanana kwa jina la mwisho si ushahidi wa udugu." Niliona baadhi yao wakigeuka na kulitazama dawati la pili. Walikuwa wameelewa. Nilidhani kwamba kazi imekwisha.

Ndipo yule msichana aliponyoosha mkono, kwa mara ya kwanza katika majuma matatu. Nikamruhusu. Alisimama, akauliza kwa sauti ndogo lakini iliyosikika darasa zima:

"Mwalimu, na kama ningekuwa mjukuu wake?"

Hakuna aliyecheka. Mimi nilishika chaki nisijue la kuandika. Kengele ikalia, nami, nakiri, niliifurahia.

Usiku ule sikulala vizuri. Swali la mtoto lilinionyesha kwamba somo langu lilikuwa na ufa. Nilikuwa nimemtoa yeye katika aibu kwa kuthibitisha kwamba si wa ukoo wa mzee. Lakini aibu yenyewe nilikuwa nimeiacha palepale, imkalie mtu mwingine. Kituoni walikuwapo watoto na wajukuu wa kweli. Wao hawakuwa na ubao wala mwalimu wa kuwathibitishia kwamba si ndugu za baba zao. Tena yeye mwenyewe hakuwa amenishukuru kwa kumtenga na yule mzee. Aliuliza kana kwamba aliona kwamba nimemtendea mzee dhuluma.

Somo la pili

Kesho yake niliomba kipindi cha Sayansi. Nilianza kwa kuandika ubaoni: 1873. Nikasema kwamba mwaka huo, katika mji wa Bergen nchini Norwei, daktari aliyeitwa Gerhard Armauer Hansen aliona kwa hadubini vijidudu katika nyama ya wagonjwa wa ukoma. Wakati huo Norwei ilikuwa na wagonjwa wengi, na daktari aliyeheshimiwa kuliko wote huko, Daniel Cornelius Danielssen, alifundisha kwamba ukoma hurithiwa katika ukoo, kama rangi ya macho. Kwa fikira hiyo, jina la ukoo lilikuwa kama hati ya hukumu: mwenye jina ana damu, na mwenye damu ana ugonjwa. Hansen alionyesha kwamba sivyo. Ukoma una kijidudu chake, haurithiwi, hauambukizi kwa urahisi, na watu walio wengi, hata wakikutana nacho, miili yao hukishinda. Danielssen huyo alikuwa baba mkwe wa Hansen. Udugu haukumzuia Hansen kusema alichokiona.

Nikawaeleza kwamba mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mgonjwa atibiwe kwa dawa mseto, yaani dapsoni, rifampisini na klofazimini pamoja, na kwamba mgonjwa akianza kunywa dawa hizo huacha upesi kuambukiza wengine. Makovu na vidole vilivyopotea si ugonjwa. Ni alama ya mahali ugonjwa ulipopita. Basi nikamgeukia yule msichana, na safari hii nilimwomba kwanza ruhusa ya kujibu swali lake mbele ya wenzake. Akatikisa kichwa kukubali. Nikasema, "Kama ungekuwa mjukuu wake, ungekuwa mjukuu wa fundi."

Lakini hata jibu hilo lilihitaji uangalifu, kwa maana watoto waliuliza mara moja: je, basi ufundi unarithiwa? Hapo nilimtumia mtu ambaye Ugogo yote inamjua, Hukwe Zawose, mpiga ilimba na zeze, aliyefundisha muziki katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Nilisema kwamba mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya Zawose akapelekwa mbali siku ya kuzaliwa, asiisikie ilimba hata mara moja, hataipiga. Na mtoto wa mtu mwingine akikaa miguuni pa mpiga ilimba kwa miaka kumi, ataipiga. Kinachopita kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto ni mafunzo, wala si herufi za jina. Hukwe Zawose alifariki mwaka 2003. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, binti na mjukuu wake, walitoa albamu yao iitwayo "Maisha". Jina moja, ukoo mmoja, kazi moja: lakini ni kwa sababu walikaa karibu na ngoma.

Baadaye niliweka mkabala nao mfano wa pili kutoka Ugogo, ule wa Malecela. John Malecela alikuwa mwanasiasa. Binti yake, Mwele Malecela, aliyezaliwa mwaka 1963, hakuyafuata ya baba. Alisoma elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akawa mtafiti wa matende na mabusha, na akawa mwanamke wa kwanza kuiongoza Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Mwaka 2018 aliteuliwa kuongoza, huko Geneva, idara ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa, na alifariki mwezi Februari 2022. Miongoni mwa magonjwa hayo yumo ukoma wa Hombolo, na yumo vikope, ugonjwa wa macho ambao wakazi wa Kongwa wanaujua kwa uchungu. Jina moja, ukoo mmoja, kazi mbili mbalimbali.

Kwa hiyo leo ninapolifundisha somo hili ubao wangu una safu tatu. Ya kwanza: jina moja, koo mbalimbali, kazi mbalimbali, hapo wapo akina Mohamed na akina Ngugi. Ya pili: jina moja, ukoo mmoja, kazi moja, hapo yupo Zawose. Ya tatu: jina moja, ukoo mmoja, kazi mbalimbali, hapo yupo Malecela. Mwanafunzi akiisha kuziona safu zote tatu kwa pamoja, yeye mwenyewe hufikia mambo mawili: kwamba jina haliwezi kuthibitisha udugu, na kwamba hata udugu ukithibitishwa hauwezi kumpima mtu. Somo langu la kwanza lilikuwa na jambo la kwanza tu. La pili nilipewa na mtoto wa darasa la tano.

Yaliyofuata

Shule ilikuwa na majembe kadhaa yasiyo na mipini, na shamba la Elimu ya Kujitegemea lilikuwa likingoja mvua. Nilimwendea Mzee Yohana, nikamsalimu, nikamwambia kosa langu lote bila kuficha. Alisikiliza akiendelea kuchonga. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi watu wameniita majina mengi. La Yohana ndilo ninalolipenda. Usilionee haya." Nikamwomba aje kuwafundisha watoto kazi ya mipini. Alikuja siku ya Alhamisi.

Watoto walisimama kwa mbali. Yule msichana akasogea, akasema, "Shikamoo, babu." Mzee akajibu, "Marahaba, mjukuu wangu." Mvulana mmoja aliyekuwa nyuma yake akasalimu kwa woga, naye akajibiwa vilevile, "Marahaba, mjukuu wangu." Kisha wa tatu, na wa nne. Kila aliyetoa shikamoo alirudishiwa ujukuu. Ndivyo wazee wetu wanavyoitikia siku zote, na kila mtoto pale alikuwa ameitwa hivyo mara elfu na wazee wengine. Lakini siku hiyo walilisikia neno.

Sitaki msomaji adhani kwamba mambo yote yalinyooka. Mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba mzee wa kituoni ameletwa shuleni, na ilibidi Mwalimu Mkuu akae naye kwa muda mrefu. Wasichana wawili walihamia dawati la pili. Yule aliyelihama kwanza hakurudi hadi mwaka ulipokwisha. Neno nililolisema kwa dakika moja lilichukua zaidi ya muhula mmoja kuliondoa, na sina hakika kama liliondoka lote. Lakini mkono wa msichana ulipanda tena katika hesabu za kichwa, na alimaliza darasa la saba.

Mashauri kwa wanachuo

Kutokana na hayo napenda kutoa mashauri manne kwa wale watakaokwenda katika mazoezi ya kufundisha.

Kwanza, usimwulize mwanafunzi habari za ukoo wake mbele ya darasa, hata kwa nia njema. Daftari la mahudhurio linakuambia nani yupo na nani hayupo. Halikuambii nani ni nani. Ukitaka kujua, muulize faraghani, au waulize walimu wenyeji.

Pili, somo la majina lianze na watu wa mbali, walio mashuhuri, na ambao habari zao zina uhakika. Majina ya wanafunzi yaje mwisho, tena kwa hiari yao. Kazi ya nyumbani ya "chora ukoo wako" humwumiza yatima na mtoto aliyelelewa na mjomba, afadhali mtoto achague mtu yeyote mzima na kumwuliza, "Jina lako ulilipataje?"

Tatu, usiwaonyeshe wanafunzi watu mashuhuri kana kwamba umashuhuri umo katika jina. Mwanafunzi aitwaye Mohamed asidhani kuwa amekwisha kufika, wala asiyeitwa Zawose asidhani kuwa hawezi kupiga ilimba. Eleza daima mtu alijifunza wapi, kwa nani, na kwa muda gani.

Nne, somo lako likimwokoa mtoto mmoja, tazama kama halikumwacha mwingine. Mwanafunzi akikuuliza swali linaloonyesha ufa huo, usiifurahie kengele kama nilivyofanya mimi. Mwambie kwamba utajibu kesho, kisha ujibu kweli.

Mimi mwenyewe nilibadili jambo moja dogo, na sijaliacha hadi leo. Katika siku ya kwanza ya kila darasa jipya, sianzi kuyasoma majina. Ninawapa wanafunzi vipande vya karatasi, kila mmoja aandike jina ambalo angependa kuitwa, nami nalinakili katika daftari kwa penseli, pembeni mwa lile la wino. Wengine huandika la baba, wengine la kwao la Kigogo ambalo shule haijapata kulisikia. Nitashukuru kusikia kutoka kwa walimu wenzangu waliojaribu njia nyingine.